Punje ya Kaboni Kifuani mwa Gramu

Kwa miaka ishirini na saba, kazi ya Gramu ilikuwa ni kutoziamini mizani. Alipita duka kwa duka na ghala kwa ghala na sanduku lake la mbao lililojaa mawe ya shaba, kila jiwe limelala kwenye tundu lake la kitambaa laini. Akifika mahali hakupoteza muda kwa salamu ndefu. Alifungua sanduku, akavaa glavu nyeupe ili mafuta ya vidole yasije yakaongeza uzito, akaweka jiwe juu ya mizani, akasubiri. Mizani ikisema kweli, aliibandika karatasi ya kijani. Ikisema uongo, aliifunga kwa waya na lakiri ya risasi, na mwenye duka apige kelele mpaka sauti imkauke. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vitambulisho tu. Hilo la Gramu alipewa na wauza nafaka, siku alipofunga mizani ya ghala zima kwa ajili ya gramu kumi na tano, nalo likamganda. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili waliokwisha kuolewa na kwenda zao.

Mtu wa namna hiyo, ukimwekea kipimo ndani ya mwili wake mwenyewe, usitegemee atulie.

Ugonjwa ulianzia kwenye ngazi. Ngazi za ghala alizozoea kuzipanda huku anapiga mluzi zilianza kumdai apumzike katikati. Kisha miguu ikavimba, soksi zikawa zinamwachia alama kama amefungwa kamba. Moyo, wakamwambia hospitalini, umechoka kusukuma, na maji yanarudi nyuma kwenye mapafu. Alilazwa mara mbili. Mara ya pili, kitanda cha jirani kilikuwa na dereva mstaafu, mtu wa maneno mengi, aliyewaambia wauguzi kwamba gari lake zima kabisa, ila pampu ya mafuta ndiyo inayomwaibisha. Asubuhi moja Gramu alikwenda kunawa uso. Aliporudi, godoro la dereva lilikuwa limekunjwa katikati, na mhudumu alikuwa anapangusa chuma cha kitanda kwa kitambaa chenye dawa, huku akiimba chini kwa chini. Gramu alikaa kitandani kwake na taulo mkononi, maji yakimdondoka kidevuni, asijue ajifute au aendelee kukaa hivyohivyo. Tangu siku hiyo, akisikia neno kulazwa, alichokiona ni lile godoro.

Ndiyo maana daktari wa moyo, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, alipomweleza habari ya kihisi kipya, hakubisha sana.

"Ni kidogo kama punje ya mchele," daktari alisema. "Tutakipitisha kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni. Kitakaa pale na kupima mgandamizo wa damu kila siku. Mgandamizo hupanda wiki kadhaa kabla wewe mwenyewe hujahisi kitu. Tukiuona mapema, tunakuongezea dawa, na hulazwi."

"Silazwi?"

"Ndiyo nia yetu."

"Na ndani ya hiyo punje kuna nini? Springi?"

Daktari alivuta karatasi akachora. Kuna utando mwembamba, alisema, na ndani ya utando kuna vineli vya kaboni, vingi visivyohesabika, kila kimoja chembamba kuliko unywele mara maelfu. Damu ikisukuma, utando unabonyea, vineli vinasogeana, na umeme unapita kwa namna nyingine. Tofauti hiyo ndiyo inayosomwa. Kaboni ni ileile ya makaa na ya penseli, ila imepangwa kwa ufundi, kama karatasi iliyoviringishwa ikawa mrija.

Gramu aliitazama ile michoro kama anavyotazama mizani ya duka geni. "Na ikichoka?"

"Tumeijaribu kuibonyeza na kuiachia mara mamilioni. Haikuchoka."

"Daktari, mimi kazi yangu ni hiyo. Kila kinachobonyezwa huchoka."

Daktari alicheka. "Basi siku tukiwa na shaka tutalinganisha. Tutapitisha mrija mpaka palepale, tupime kwa njia ya zamani, tuone nani mwongo."

Jibu hilo lilimridhisha, au alijiambia limemridhisha. Akaweka sahihi.

Punje ikaingia. Nyumbani walipewa kifaa cha kuisomea, bapa na cheupe, ambacho mkewe alikiita sahani. Kila asubuhi, kabla ya chai, Gramu alilala chali kwenye kochi, akaiweka sahani juu ya kifua, akahesabu pumzi kumi, na namba ikatokea. Sahani haikuwa na laini ya simu. Namba aliituma mwenyewe kwa ujumbe kwa muuguzi wa kliniki. Maagizo yalikuwa mepesi: chini ya ishirini ni vizuri, ikizidi kidogo si ya haraka, ikivuka ishirini na tano aje siku hiyohiyo.

Kwa miezi miwili ilikuwa kumi na saba, kumi na nane, kumi na saba. Mkewe alikuwa akiuliza kutoka jikoni, "Ngapi leo?" naye akijibu, na sauti ya sufuria ikaendelea. Lakini hofu ilikuwa imeshahamia ndani ya nyumba, na ilianza na mambo madogo. Akikohoa, aliikunjua leso na kuikagua kwenye mwanga wa dirisha kama kuna weusi. Aliwaza vineli vimekatika, vinaelea kwenye damu, vinakwenda kuchoma mahali. Mkewe alimkuta siku moja ameisogeza leso puani kabisa.

"Unatafuta nini humo, Baba Pacha? Umepoteza sindano?"

"Masizi."

"Masizi! Wewe ni jiko?"

Walicheka wote wawili. Yeye alicheka kwa mdomo tu.

Kisha namba ikaanza kupanda. Haikuruka. Ilipanda kama maji yanavyopanda ukutani wakati wa mvua, huyaoni yakitembea, ila kesho alama iko juu zaidi. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja, ikakaa hapo siku tatu. Ishirini na mbili. Naye alijisikia mzima. Miguu haikuvimba. Alikwenda sokoni kwa mguu akarudi. Alijikagua vifundo vya miguu kila jioni kwa kidole gumba, akibonyeza na kuangalia kama shimo linabaki, na shimo halikubaki.

Asubuhi ilipotokea ishirini na nne, alibaki amelala kwenye kochi na sahani kifuani. Kesho au keshokutwa ingekuwa ishirini na tano, na baada ya hapo ni kitanda, na mhudumu mwenye kitambaa cha dawa.

Hapo ndipo ufundi wake wote ulipomjia, ukajipanga mbele yake kama wakili. Mizani inayopanda kidogokidogo, kila mara upande uleule, huku mzigo haujabadilika, hiyo si mizani inayosema kweli. Hiyo imechoka. Ameziona kwa mamia. Na dawa yake haijifichi: unatafuta tofauti, unaitoa. Mzigo haujabadilika, kwa sababu mzigo ni yeye, na yeye ni mzima. Alikuwa kumi na nane, basi bado ni kumi na nane, tumpe na moja ya ziada kwa uangalifu.

Alichukua daftari lake la kazi, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto akaandika ishirini na nne. Kulia akaandika kumi na tisa. Akatuma kumi na tisa.

"Ngapi leo?" mkewe aliuliza.

"Kumi na tisa."

Simu ikalia. Muuguzi alikuwa amejibu: Safi sana baba, endelea hivyohivyo.

Raha ya ujumbe ule ilidumu kwa muda wa kuusoma. Baada ya hapo hofu ilirudi, na sasa ilikuwa na mwenzake. Kwanza alikuwa akiogopa punje. Sasa aliogopa daftari pia. Alilihamisha kutoka mezani kwenda kwenye begi la kazi, na kutoka kwenye begi kwenda chini ya mawe ya shaba, mahali ambapo mkewe asingegusa kwa sababu alishakatazwa tangu wakiwa wachumba. Kila wiki aliongeza cha kutoa. Sita. Saba. Upande wa kushoto ukafika ishirini na nane. Upande wa kulia ulibaki na adabu zake. Na kila asubuhi muuguzi alisema safi sana, na kila asubuhi Gramu alijiambia kwamba mtu mgonjwa hawezi kuambiwa safi sana.

Wiki ya tano alianza kuongeza mto wa kulalia. Alimwambia mkewe shingo inamsumbua. Akawa anasimama njiani kutazama vitu ambavyo havikuwa na cha kutazamwa: geti la watu, mtaro, tangazo la zamani la fundi bomba.

"Unataka kununua hilo geti?" mkewe alimuuliza.

"Naangalia bawaba zake."

"Bawaba." Mkewe alimtazama usoni muda mrefu kidogo. "Haya. Ukimaliza kuangalia bawaba, twende."

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, sahani ilisema thelathini na moja. Alitoa tisa, akatuma ishirini na mbili, akachukua sanduku lake akatoka. Kazi ya siku hiyo ilikuwa karibu, bucha ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambako mteja mmoja alikuwa amelalamika. Ni mwendo wa dakika sita. Alitumia ishirini. Sanduku, ambalo siku zote alilibeba kama mtu anavyobeba gazeti, alilazimika kulibadilisha mkono mara nne, na mara mbili aliliweka chini.

Shemeji alikuwa nyuma ya meza yake, aproni imejaa damu, anamsubiri.

"Shemeji! Nimekuona tangu kwenye kona. Umetembea na konokono leo, au mlikuwa na mazungumzo?"

"Ulitaka nije nikiruka kamba? Toa nyama zako hapo nifanye kazi."

"Kazi gani? Mizani yangu haina neno. Huyo mama aliyelalamika analalamikia hata mvua. Ni kweli mwezi uliopita ilikuwa inazidisha kidogo, gramu themanini hivi, lakini nimeshairekebisha mwenyewe."

Gramu alikuwa anavaa glavu. "Umeirekebisha kwa jiwe gani?"

"Jiwe la nini? Mkono huu." Shemeji aliuinua mkono wake mnene. "Miaka kumi na tano nakata nyama. Mkono wangu unaijua kilo kuliko hayo mashaba yako. Nikashika kipande cha kilo moja, nikaona mizani inasema kilo na themanini, nikajua imechoka. Nikaondoa themanini. Basi."

Gramu aliangua kicheko, cha kweli, cha kwanza kwa wiki nyingi. "Shemeji, wewe ni wa kufungwa! Mkono unaouza nyama ndio huohuo unaopima nyama? Mwenye mzigo hawezi kuwa jiwe! Kama mzigo umeongezeka je? Kama kile kipande kilikuwa kilo na themanini kwelikweli, wewe umeifundisha mizani iseme uongo, halafu unaiamini kwa sababu inasema unachotaka ku..."

Hakumaliza. Jiwe la kilo moja lilikuwa mkononi mwake, halijafika juu ya mizani.

Jasho lilimtoka mgongoni, la baridi, likashuka mstari mmoja mpaka kiunoni. Alijaribu kuvuta pumzi ndefu, akaona haifiki chini. Inaishia katikati, kama yeye kwenye zile ngazi za ghala. Na alipojiuliza ni tangu lini haifiki chini, hakuweza kukumbuka siku ya mwisho ilipofika.

"Shemeji?" Mcheshi yule alikuwa ameacha ucheshi. "Shemeji, mbona midomo imekuwa hivyo? Kaa. Kaa hapa kwenye kreti. Nipe hilo jiwe."

"Mwite dada yako," Gramu alisema.

Mkewe alifika mbiombio, kanga imefungwa vibaya, unga bado mikononi. Alimkuta mumewe ameegemea ukuta wa vigae vyeupe, katikati ya nyama zilizotundikwa, na daftari limefunguliwa magotini. Alikuwa amelitoa mwenyewe chini ya mawe.

"Nimekuwa napunguza," alisema.

"Unapunguza nini?"

"Namba."

Mkewe alichuchumaa. Alisoma kwa kidole, akiacha alama za unga kwenye karatasi, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Alifunua ukurasa wa nyuma. Na wa nyuma yake.

"Leo ni ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Ukanijibu ishirini na mbili."

"Nilidhani kimechoka. Nilidhani mimi ni mzima na chenyewe ndicho..."

"Wiki tano," mkewe alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Wiki tano mimi nasimama jikoni namshukuru Mungu kwa namba uliyoitunga wewe." Kisha akageuka kwa mdogo wake. "Usisimame hapo kama nguzo! Tafuta gari!"

Kliniki muuguzi aliwapokea na tabasamu, kwa sababu yeye alikuwa na mgonjwa wa ishirini na mbili. Gramu alimpa daftari. Muuguzi alisoma, tabasamu likaondoka polepole, akaingia kwa daktari bila kubisha hodi.

Daktari hakumgombeza. Kutogombezwa kulimtisha zaidi. Alimsikiliza mapafu mgongoni, akambonyeza shingo, akatazama daftari tena.

"Kuna mambo mawili," alisema. "Ama kihisi kinasema kweli, ama wewe ulikuwa sahihi na kipimo chake kimepotoka. Sitaki kubahatisha dawa kali. Tutalinganisha leo hii."

Walimlaza kwenye meza nyembamba ya chumba chenye baridi, akiwa macho, ganzi shingoni tu. Mrija uliingia. Hakusikia maumivu, alisikia moyo ukiruka pigo mrija ulipopita ndani yake, kama mtu aliyekanyagwa na mgeni mlangoni. Muuguzi alishika sahani juu ya kifua chake. Daktari alikuwa na skrini yake upande wa pili.

"Sista, ina..." daktari alianza.

"Msiambiane," Gramu alisema.

Wote wawili walimtazama.

"Mtu akisikia namba ya mwenzake, jicho lake linaivuta ya kwake ifanane. Kila mmoja aandike kwanza. Kisha msome."

Daktari alimtazama juu ya barakoa, akatikisa kichwa kukubali. Kila mmoja aliandika kwenye kipande chake. Gramu alifumba macho. Maisha yake yote alikuwa akiombea mizani ziseme kweli. Pale mezani, shingo imegeuzwa upande, aliombea hii iwe ya uongo. Aliomba kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Thelathini na mbili," muuguzi alisoma.

"Thelathini na moja na nusu," daktari alisoma.

Nusu ni kitu cha kupuuzwa. Gramu alilijua hilo kuliko wote waliokuwa mle.

"Vineli havijachoka, baba," daktari alisema baadaye, mrija ulipokwisha kutolewa. "Maji yamekuwa yakipanda wiki zote hizo. Ile siku ya ishirini na nne ningekuongezea kidonge kimoja tu, ukiwa kwenye kochi lako."

"Na sasa?"

"Sasa ni sindano, na ni kitanda. Figo nazo zimeanza kulalamika, kwa hiyo siwezi kwenda haraka. Tutaona."

Tutaona. Wakampeleka wodini.

Siku ya kwanza namba ilikuwa thelathini na moja. Ya pili ishirini na tisa, na mkewe akala chakula kwa mara ya kwanza. Ya tatu ishirini na tisa tena. Kazi ya kusoma sasa ilikuwa ya mkewe; alimwambia muuguzi mbele ya watu kwamba mume wake haaminiki na kalamu, na Gramu hakubisha.

Asubuhi ya nne jua lilikuwa limeshafika kwenye sakafu ya wodi. Mkewe aliweka sahani juu ya kifua chake, akahesabu pumzi kumi kwa midomo, akaitazama namba. Akaendelea kuitazama.

"Ngapi?"

"Ngoja, haijatulia."

Gramu aliuona uso wake. Kuna kitu kilikuwa kinapita humo, hesabu ndogo ya haraka, na aliitambua, kwa sababu kwa wiki tano ilikuwa ikipita kwake. Alikuwa anatafuta namba ya kumpa.

"Mama Pacha," alisema. "Usinipunguzie."

Mkewe aliinua uso kutoka kwenye sahani. Macho yalimjaa maji, lakini sauti ilitoka sawa.

"Thelathini."

Ilikuwa imepanda. Dawa zote zile, sindano zote zile, na imepanda. Gramu alitamani aiulize tena, alitamani aseme sahani imekaa vibaya, pumzi zilikuwa tisa, kitanda kimeinama. Yote yalifika kwenye ulimi.

"Mpelekee sista," alisema. "Hivyohivyo ilivyo. Sasa hivi."

Mkewe aliinuka, akaenda. Alisikia kandambili zake zikikimbia kwenye korido, kisha sauti ya mlango, kisha sauti ya daktari ikiuliza kitu kwa haraka. Akaweka kiganja juu ya kifua, akabaki akiusikiliza moyo wake, na nyayo za watu zaidi ya mmoja zikija.